Intakomu ya video kwa apatimenti ndogo hapa Dodoma: waya nne, waya mbili, IP au ya laini ya simu?

Ukipita Ilazo, Kisasa, Iyumbu au Nzuguni siku hizi nyumba zinazoota ni za aina moja, ghorofa moja au mbili, apatimenti nne mpaka nane, geti la chuma mbele na kimlango kidogo cha watu pembeni yake. Tangu serikali ihamie huku kila mwenye kiwanja anajenga za kupangisha, na intakomu, kile kifaa cha kumwona na kuongea na mgeni wa getini ukiwa ndani, ndo kitu cha mwisho kukumbukwa. Mwenye nyumba kamaliza rangi, kaweka taa za nje, afu anaona monita ya inchi saba mtandaoni, anaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi, halafu anampigia fundi "njoo unifungie, kazi ndogo tu hiyo." Kazi ndogo inatoka wapi wakati hamna hata paipu moja inayotoka getini kuja ndani.

Mi nafunga hivi vitu hapa mjini na swali ninaloulizwa sana ni "ipi nzuri?" Kwa upande wa picha sioni tena cha kubishania, hata za bei ya chini uso wa mtu unaonekana vizuri. Kinachoamua ni mambo matatu: ukuta wako uko hatua gani, umeme wa hicho kifaa unatoka kwenye LUKU ya nani, na geti linafungwa na kufuli gani. Kwa hiyo hapa chini nazilinganisha kwa hayo matatu, urembo wa monita utaangalia mwenyewe dukani.

Najua kuna watakaosema intakomu ya nini wakati boda akifika anapiga "nipo getini bosi". Kwa nyumba ya familia moja sawa, simu inatosha. Ila kwenye apatimenti sita, mgeni wa mpangaji wa juu hana namba, au anayo lakini simu imezima chaji, anagonga geti kwa jiwe mpaka nyumba nzima inaamka, na anayetoka kufungua siku zote ni yule wa chini. Huyo wa chini ndo anayelalamika na ndo anayehama wa kwanza.

WAYA NNE

Hii ndo imejaa madukani. Monita ndani, paneli ya vitufe na kamera nje, katikati zinapita waya nne: chanya, hasi, sauti na picha. Commax wa Korea wako kwenye hii biashara miaka mingi, na za Kichina zipo za majina ambayo hutayaona tena mwaka ujao. Uzuri wake ni kwamba haina mambo mengi, haina anwani wala neno la siri, unaunganisha rangi kwa rangi inawaka, na ikigoma fundi anashika mita anapima waya mmoja mmoja mpaka anapata palipokatika. Hata fundi wa umeme wa kawaida wa mtaani anaimudu.

Shida inaanza apatimenti zikiongezeka. Kwenye paneli za vitufe vingi, mara nyingi kila kitufe kina kebo yake inayoenda mpaka kwa mpangaji wake, maana yake apatimenti nne ni kebo nne zote zinaanzia getini. Zikiwa nane ni kebo nane, na paipu iliyofukiwa pale ni moja nyembamba iliyowekwa kwa ajili ya taa ya geti. Watu wanalazimisha, wanavuta kwa nguvu mpaka ganda la kebo linachubuka humo ndani, na mvua za Januari zikiingia kwenye paipu ndo utaanza kusikia mlio wa ajabu kwenye spika. Kikomo changu kwa waya nne ni apatimenti nne, zaidi ya hapo namshauri mtu aangalie nyingine hata kama kashanunua.

Halafu kuna hii ya LUKU ambayo muuzaji hakwambii. Kwenye seti nyingi za waya nne paneli ya nje inalishwa umeme na monita ya ndani. Sasa kwenye nyumba ya familia moja hilo halina neno, lakini kwenye apatimenti kila mpangaji ana LUKU yake. Fundi akichukua umeme wa paneli kwa mpangaji wa chini kwa sababu ndo yuko karibu na geti, siku huyo units zimemwishia Jumamosi usiku, au kasafiri kwenda kwao Singida na kazima meni swichi kabisa, paneli ya geti inakufa kwa nyumba nzima. Wa juu ana umeme, monita yake inawaka taa, ila hamna anayempigia. Nimeitwa kwenye kesi ya hivyo, mwenye nyumba keshabadilisha paneli kwa ushauri wa fundi aliyepita, na mpya nayo inazima wiki moja moja kama ya zamani. Dawa ni pawa saplai ya pembeni kwa ajili ya paneli, ichukue umeme kwenye LUKU ya pamoja, ile ya taa za nje na pampu ya maji. Kama nyumba yako haina LUKU ya pamoja, anza na hilo kabla hujafikiria intakomu ya aina yoyote.

WAYA MBILI

Hapa umeme, sauti na picha vyote vinapita kwenye jozi moja ya waya. Jozi inatoka getini, inaingia ndani, inapanda ghorofa, na kila ghorofa inaacha matawi yake kupitia kiboksi cha kugawia. Fermax wa Hispania, BTicino na Comelit wa Italia ndo wakongwe, na Hikvision na Dahua nao wana za kwao. Kwenye nyingi huhitaji hata kuangalia chanya na hasi.

Hii ndo dawa ya nyumba iliyokwisha. Kuna mama mmoja Kisasa, apatimenti sita, tailizi mpaka ukutani, jipsamu kila dari, nilipofika kupima akanikaribisha vizuri kabisa afu akasema "Mwanangu, kazi utaifanya ila ukuta wangu usiuguse." Nikamwambia sawa mama, ngoja tutafute njia. Getini kulikuwa na waya wa kengele ya kawaida ambayo ilishakufa, na ndani kulikuwa na paipu ya antena ya TV inayopita kila ghorofa ambayo haina kitu maana wapangaji wote wana visimbuzi na dishi zao. Waya wa kengele tukaupima ukawa mzima, jozi moja ikapita kwenye paipu ya antena, kila mpangaji akapata monita na hamna tofali lililopasuliwa. Kwa waya nne pale ungekuwa unazungumzia tranking za plastiki kwenye ngazi nzima, na kwa IP ungehitaji kuzika kebo mpya kutoka getini.

Ila inataka fundi anayesoma maelekezo. Kila monita ina anwani, mara nyingi ni viswichi vidogo vidogo nyuma unavipandisha na kushusha kwa ncha ya bisibisi, na monita mbili zikipewa anwani moja mgeni anabonyeza namba 3 inaita kwa 3 na kwa 5. Pia monita ya mwisho kwenye laini, kwenye mifumo mingi, ina kiswichi chake cha kumalizia laini ambacho lazima kiwashwe. Kisipowashwa picha inakuja na kivuli, unaona uso wa mtu na pembeni yake uso mwingine hafifu unaomfuata. Fundi asiyejua hilo atakwambia kamera mbovu, utanunua nyingine, na kivuli kitabaki palepale.

Mabaya mengine mawili. La kwanza, monita ya kampuni hii haiongei na paneli ya kampuni ile, kwa hiyo ukinunua umejifunga ndoa. Kabla ya kulipa muulize muuzaji kama anauza monita moja moja au seti tu, na akisema seti tu ondoka. La pili, laini ni moja, kwa hiyo mpangaji akipigilia msumari wa picha ya harusi ukutani akagonganisha zile waya mbili, anaweza akazima nyumba nzima. Viboksi vya kugawia vizuri vinatenga tawi lenye hitilafu, vya bei rahisi havitengi, uliza.

IP

Hii inatembea kwenye kebo ya mtandao, Cat6, kama kamera za kisasa. Watu wengi wanadhani lazima kebo zote zitoke getini, hapana, getini inatoka kebo moja tu mpaka kwenye swichi ya PoE, kiboksi cha kugawia mtandao pamoja na umeme, iliyokaa ndani kwenye kabati, na kila apatimenti kebo yake inaishia kwenye hiyohiyo swichi. Umeme unapita humohumo kwenye kebo. Kiwango cha kawaida cha PoE, 802.3af, kinatoa wati 15.4 kwenye swichi na upande wa pili zinafika kama 13, zinatosha paneli na zinatosha monita, hazitoshi kufuli, hilo lina umeme wake. Mwisho wa kebo ni mita 100, na kwa viwanja vya Dodoma vya makazi hiyo huifikii labda uwe na shamba.

Unachopata ni kingi: picha safi, kurekodi, kadi na namba za siri za kufungulia, kuunganisha na kamera zako ili mpangaji aone parking kwenye monita ileile, na kupokea wito kwenye simu ukiwa kazini Mtumba. Na niseme hili maana linawachanganya watu, intaneti ikikatika intakomu haifi. Paneli na monita zinaongea zenyewe kupitia swichi, kinachokufa ni ule wito wa kwenye simu ya mkononi peke yake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa lazima ulipie bando la mwezi ndo geti lifanye kazi.

Upande wa pili, hiki ni kifaa cha mtandao na kina tabia za kifaa cha mtandao. Kina neno la siri la msimamizi, kina masasisho, kina namba za IP zinazoweza kugongana na rauta ya mpangaji aliyechomeka kebo yake kwenye swichi yako bila kuuliza. Fundi wa umeme wa kawaida hapa anakwama, unahitaji mtu wa kamera na mtandao. Kama unarekodi sura za watu wanaopita, kumbuka pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo elekeza kamera kwenye geti lako siyo kwenye mlango wa jirani, na waambie wapangaji kwamba inarekodi.

Bei ya kuanza ni kubwa kuliko waya nne, swichi peke yake ni gharama na monita moja moja ni ghali. Inakula umeme zaidi pia. Tufanye mfumo mzima wa apatimenti sita pamoja na swichi unavuta wati 40 muda wote, hiyo ni karibu units 29 kwa mwezi kwenye LUKU ya pamoja. Waya mbili ukivuta wati 15 ni kama units 11. Siyo hela ya kutisha ukigawa kwa sita, lakini iseme mapema kwenye kikao cha wapangaji isije ikawa ugomvi.

Na kama bado unajenga, ukuta haujapigwa plasta, tafadhali lalisha paipu na Cat6 kila apatimenti mpaka kwenye kabati moja, na paipu pana ya getini, hata kama intakomu utanunua baada ya miaka mitatu. Cat6 ina jozi nne ndani yake, ukija kubadili mawazo ukaweka waya mbili au waya nne kebo ileile inaweza kubeba, ila kinyume chake hakiwezekani. Na hakikisha ni shaba kweli. Mjini kuna UTP (ndo hizihizi kebo za mtandao) nyingi za alumini iliyopakwa shaba juu, zinauzwa bei nzuri na boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Kata kipande, kwarua waya kwa wembe, ukiona ndani nyeupe mrudishie mwenye duka palepale. Hiyo alumini upinzani wake wa umeme ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba na inakatika ovyo ukiikunja.

YA LAINI YA SIMU

Paneli yenye laini ya simu ndani. Mgeni anabonyeza, inapiga simu ya mpangaji, anaongea, anabonyeza namba geti linafunguka. Hamna monita, hamna waya wowote ndani ya nyumba, unahitaji umeme na kufuli pale getini basi. Nyingi ni za sauti tu, zenye video zinataka 4G na bando, na hapo gharama ya kila mwezi inaingia.

Kinachopendwa zaidi ni kwamba mpangaji mwenyewe akirudi anabip ile namba ya geti, paneli inaona namba yake iko kwenye orodha, inakata simu na kufungua, hamna salio lililoliwa. Mwenye nyumba anayeishi Dar anaweza kuongeza na kufuta namba kwa SMS bila kuja, na kwa Dodoma hilo ni kubwa kwa sababu wapangaji wengi ni watumishi, uhamisho ukitoka mtu kaondoka ndani ya mwezi, unafuta namba yake na kazi imeisha.

Mi naiona ni nzuri kwa nyumba ya zamani isiyo na njia ya waya kabisa, ila ina vijimambo. Laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole, na nimeona imesajiliwa kwa jina la mlinzi, mlinzi kaacha kazi kwa ubaya na laini ni yake kisheria. Isajili kwa jina lako. Salio likiisha mgeni anabonyeza kimya. Na mpangaji akiwa kazini simu inamfuata huko, anafungulia mtu geti bila kumwona, akiamini ni yule wa gesi. Kwa nyumba yenye wanafunzi wa UDOM wanaoingia na marafiki zao saa zote hiyo nisingeiweka.

Za waifai zile za kubandika mlangoni zenye betri, kwa geti la apatimenti hapana. Zimetengenezwa kwa mlango wa mtu mmoja, waifai ya ghorofa ya pili ikipita zege mbili na geti la chuma inafika imechoka, na betri inataka kutolewa kuchajiwa, sasa nani kati ya wapangaji sita atafanya hiyo kazi. Iweke kwenye mlango wako wa ndani kama unapenda.

KUFULI, HAPA NDO PENYE KAZI

Watu wanatumia wiki nzima kuchagua monita na dakika mbili kuchagua kufuli, wakati malalamiko mengi ninayoitiwa ni "inaita vizuri, tunaonana vizuri, ila haifungui".

Kwa geti la chuma kuna njia mbili za kawaida. Moja ni lile boksi la chuma linalofungwa nyuma ya kimlango, ukibonyeza linapiga "tak" na ulimi unarudi. Linavuta umeme kwa sekunde moja tu, umeme ukikatika linabaki limefungwa na unafungua kwa ufunguo nje na kitufe cha mkono ndani. Nyingine ni sumaku, ya kawaida inashika kilo 280, inavuta karibu nusu ampea kwenye 12V muda wote, usiku na mchana, na umeme ukikatika inaachia. Kwa geti la nje sumaku siipendi kabisa, TANESCO wakikata na betri ikiisha geti lako liko wazi saa nane usiku. Sumaku ni ya mlango wa kioo wa ofisi. Kwa apatimenti chukua boksi la ulimi, na hakikisha ndani linafunguka kwa mkono bila umeme, moto ukitokea watu wasianze kutafuta ufunguo.

Sasa kwa nini halifungui. Chukua geti lililo mita 40 kutoka kwenye pawa saplai. Umeme unaenda mita 40 na kurudi mita 40, na waya mmoja wa UTP wa shaba una upinzani wa kama ohm 9 kwa mita 100, kwa hiyo njiani kuna ohm 7 hivi. Kufuli la 12V linalotaka ampea moja halitaipata, volti kama 4 na nusu zinapotelea kwenye waya na zinazofika ni kama 7 na nusu, linapiga mlio mdogo ulimi hautoki. Fundi anasema kufuli bovu. Vuta waya wa 1.5 mm ile ya taa, upinzani unashuka kwenye ohm moja tu, unapoteza volti moja, kufuli lilelile linaruka. Ndo maana nasema kufuli liwe na waya wake mnene, usiliunganishe kwenye jozi iliyobaki ya UTP eti kwa sababu ipo.

Kingine ni geti lenyewe. Bawaba za kuchomelea zinalegea, kimlango kinashuka milimita kadhaa, ulimi haukutani na tundu lake. Au upepo wa Agosti unalibamiza mpaka boksi linapinda. Kabla sijafunga chochote naliinua geti kwa mkono, likicheza namwita kwanza mtu wa kuchomelea. Tundu la ufunguo usilitie mafuta, vumbi letu hili linaganda humo likawa kama udongo, tia unga wa penseli.

Na la usalama: kwenye paneli nyingi rahisi waya za kufuli zinapita nyuma ya paneli yenyewe, huko nje. Mtu akiing'oa kwa bisibisi akagusisha waya mbili, geti linafunguka. Kwenye IP na baadhi ya waya mbili kuna rilei ya pembeni, yaani swichi ya kufuli inayowashwa kwa amri ya paneli, inayokaa ndani, amri inapita kwenye kebo na umeme wa kufuli haufiki kwenye paneli. Hiyo ni tofauti ya kweli kati ya aina hizi na mi ningeilipia.

UMEME, RADI, VUMBI

Betri ya 12V 7Ah ina wati-saa 84, ukitumia nusu ili usiiue mapema una kama 42. Waya mbili wa wati 15 utakaa karibu saa tatu, IP ya wati 40 kama saa moja, ya laini ya simu itakaa muda mrefu zaidi maana hamna monita. Waya nne kila mpangaji anajitegemea kwa hiyo betri inabeba paneli na kufuli tu, ila monita ya mpangaji ikizima ndo imezima. Kazi ya upande wa 230V mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mtu wa kamera asishike meni swichi yako.

Kebo ya getini ipite chini ndani ya paipu nyeusi ya maji, mchwa na panya hawaigusi kirahisi. Radi za masika zinaingia kupitia hiyohiyo kebo, kwenye IP weka kinga ya radi kabla ya swichi na uifunge kwenye athi inayoeleweka, la sivyo siku moja utapoteza swichi na monita zote kwa pamoja. Waya nne ikipigwa kwa kawaida unapoteza kidogo, nalo ni jambo la kuzingatia.

Paneli iwe angalau IP65 (hii IP ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji, siyo ile ya mtandao), ile 6 ya mwanzo ndo ya vumbi na ndo unayoihitaji hapa kuliko ya maji. Ifungwe kimo cha mita 1.4 mpaka 1.6 na isitazame magharibi, jua la saa kumi na moja linamfanya kila mgeni kuwa kivuli cheusi. Kama nguzo inatazama huko na huna namna, chukua yenye WDR, ile inayosawazisha mwanga mkali na kivuli, na uweke kofia ya bati juu.

MI NINGECHAGUA HIVI

Apatimenti mbili mpaka nne, mwenye nyumba anaishi hapohapo, bajeti ndogo: waya nne, na pawa saplai ya paneli kwenye LUKU ya pamoja. Apatimenti tano mpaka nane na nyumba imeshaisha: waya mbili, wala sifikirii mara mbili, ukijumlisha kebo na ufundi na kupaka rangi upya ile tofauti ya bei ya monita inayeyuka. Nyumba bado tofali: IP, au angalau njia za IP. Nyumba ya zamani, mwenye nyumba yuko Dar, wapangaji ni watu wazima wa kazini: ya laini ya simu, na kamera moja ya kawaida juu ya geti kwa ajili ya kuona. Kama bajeti yako haitoshi kwa video na kufuli zuri kwa pamoja, chukua intakomu ya sauti na kufuli zuri.

Siku ya kukabidhiwa usilipe hela ya mwisho mpaka fundi akupe neno la siri la msimamizi kwenye karatasi, mchoro wa kebo ipi inaenda wapi, na ajaribu kila apatimenti mbele yako: anabonyeza, unaona, unaongea, unafungua, afu anazima meni swichi ya pamoja na kurudia yote kwa betri. Kama ni waya mbili au IP nunua na monita moja ya ziada uiweke kabatini, maana toleo lako likiacha kutengenezwa na mpangaji wa namba 4 akaidondosha yake, hutaipata Kariakoo wala Barabara ya Saba.